Kodi Juu ya Kodi: Mjadala wa Marekani na Somo Lake kwa Sharika Zetu

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za mipango na maendeleo za sharika. Tunaichapisha kwa maombi ya wajumbe wengi waliohudhuria.)



  Taarifa ya miradi na ya fedha mmegawiwa, na naamini kila mjumbe ataisoma pamoja na kamati yake. Kwa sababu hiyo sitaisoma tena hapa. Naomba nitumie muda wangu kujibu maswali mawili ambayo nimedaiwa kwa muda mrefu.

Swali la kwanza liliulizwa na mzee mmoja wa kanisa katika semina iliyopita. Alisema: "Mratibu, hawa ndugu zetu wa Marekani wanatutolea kwa upendo, au wanatutolea kwa sababu wanapunguziwa kodi?" Watu walicheka, nami nikajibu kwa kifupi mno, tukaendelea na ajenda. Swali lile halikuwa la kuchekwa.

Swali la pili limeletwa kwa maandishi na sharika kadhaa. Zinaomba kwamba usharika uruhusiwe kutoa kwanza gharama zake wenyewe, ndipo uhesabu asilimia ya dayosisi kwenye kiasi kinachobaki. Pendekezo hili litakwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Dayosisi, na kamati zenu zitatakiwa kuwa na msimamo.

Maswali haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali. Lakini yote mawili yanakutana katika mjadala mmoja ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 160: je, kodi ambayo mtu ameilipa kwa jimbo lake itolewe kwenye mapato yake kabla serikali ya shirikisho haijamtoza kodi yake? Naomba tuufuatilie mjadala huo kwa makini, kisha turudi nyumbani.

HESABU YENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya neno. Nikisema "jimbo" leo sina maana ya jimbo la kanisa linaloongozwa na mkuu wa jimbo. Nina maana ya majimbo 50 ya Marekani, kama Minnesota, New York au Texas. Kila moja lina gavana, bunge na sheria zake za kodi. Juu yake iko serikali ya shirikisho, yaani Serikali Kuu, iliyoko Washington. Chini yake ziko kaunti, miji na bodi za shule, ambazo hutegemea sana kodi ya majengo na ardhi. Shule za serikali huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za jimbo na kodi hiyo ya majengo, wala si kwa fedha za Washington.

Sasa tumchukue Mkristo mmoja wa Minnesota, kwa mfano tu. Amepata dola 100,000 kwa mwaka. Jimbo lake na mji wake wamemtoza jumla ya dola 8,000. Serikali ya shirikisho inapokuja kudai kodi ya mapato, ihesabu kuanzia dola 100,000 au dola 92,000? Ugomvi wote uko hapo.

Wengi wetu tukisikia mtu "anapunguziwa kodi" tunafikiri anarudishiwa fedha yote aliyotoa. Sivyo. Kinachopungua ni mapato yanayohesabiwa, na faida yake inategemea kiwango cha kodi cha mtu huyo. Aliye katika kiwango cha asilimia 12, akitoa dola 8,000 kwenye hesabu, ataokoa dola 960. Aliye katika kiwango cha asilimia 24 ataokoa dola 1,920. Hadi mwaka wa kodi 2025, tajiri aliye katika kiwango cha juu kabisa cha asilimia 37 aliokoa dola 2,960. Kodi ya jimbo ni ile ile, lakini mwenye kipato kikubwa ndiye anayepata nafuu kubwa.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Mlipa kodi huchagua njia moja kati ya mbili. Anaweza kuorodhesha kitu kimoja kimoja: kodi za jimbo, riba ya mkopo wa nyumba, sadaka na misaada. Au anaweza kuchukua punguzo la jumla ambalo sheria inampa kila mtu bila kuuliza alitumiaje fedha zake. Anayechukua punguzo la jumla haorodheshi chochote, na kwa hiyo kodi ya jimbo lake haimpi nafuu ya ziada. Mtalikumbuka jambo hili tutakapofika kwenye sadaka.

LILIKOTOKA

Punguzo hili ni la zamani kama kodi yenyewe. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilitoza kodi ya mapato ili kugharimia vita. Sheria ya mwaka 1862, iliyosainiwa na Rais Abraham Lincoln, iliruhusu mtu atoe kwanza kodi alizolipa kwa jimbo na kwa serikali za mitaa. Kodi ile ilikoma mwaka 1872. Iliporudi mwaka 1913, baada ya Katiba kurekebishwa, punguzo lilirudi nalo. Wakati huo halikuwasumbua watu wengi, kwa kuwa walioguswa na kodi ya mapato walikuwa wachache na viwango vilikuwa kati ya asilimia 1 na 7.

Baadaye kodi ilipowafikia wananchi wengi, Bunge lilianza kulipunguza kidogo kidogo. Mwaka 1964 zilitajwa kodi chache tu zinazoruhusiwa. Mwaka 1978 kodi ya petroli iliondolewa kwenye orodha. Miaka ya 1980 Rais Ronald Reagan alitaka kulifuta punguzo lote. Gavana Mario Cuomo wa New York akasimama kulipinga pendekezo hilo pamoja na wabunge wa majimbo yenye kodi kubwa. Mwisho wake, sheria ya mwaka 1986 iliondoa kodi ya mauzo peke yake, ikabakiza kodi ya mapato ya jimbo na kodi ya majengo. Watu wa Texas na Florida, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato ila hutegemea sana kodi ya mauzo, walilalamika kuwa wameonewa. Tangu mwaka 2004 mlipa kodi anaruhusiwa kuchagua moja kati ya hizo mbili, kodi ya mapato au kodi ya mauzo.

WANAOLITETEA

Hoja ya kwanza ya wanaolitetea ni rahisi, hata mtoto anaielewa. Fedha iliyokwisha kuchukuliwa na jimbo haiko tena mfukoni. Kumtoza mtu kodi kwa fedha ambayo hanayo ni kodi juu ya kodi. Tukisoma Mathayo 17 tunakuta Petro anaulizwa kama mwalimu wake halipi kodi ya hekalu, na tunajua kwamba watu wale wale walikuwa wanadaiwa na Kaisari pia. Uchovu wa kulipa mara mbili haukuanza jana.

Hoja ya pili ni ya ushirikiano wa serikali. Jimbo ndilo linaloendesha shule, barabara na polisi, na linachangia matibabu ya maskini. Kama Washington itajichukulia kwanza bila kujali mzigo huo, majimbo yataogopa kutoza kodi ya kutosha, na huduma zitadhoofika.

Hoja ya tatu ni ya haki kati ya majimbo. Seneta Daniel Patrick Moynihan wa New York alikuwa akitoa taarifa mwaka baada ya mwaka kuonyesha kwamba jimbo lake linapeleka Washington fedha nyingi kuliko zinazorudi. Watu wa New York na New Jersey husema: sisi tunachangia majimbo mengine, na bado mnataka kututoza kwa kile tulichowalipia watoto wetu shule?

WANAOLIPINGA

Upande wa pili nao una hoja nzito, na tusiupuuze.

Wanasema kwanza kwamba kodi ya mji si fedha iliyopotea. Anayekaa kwenye kitongoji cha matajiri hulipa kodi kubwa ya majengo, na kwa kodi hiyo anapata shule nzuri, maktaba, bustani na barabara isiyo na mashimo. Hiyo inafanana na mtu aliyenunua huduma. Mwenzake wa jimbo jingine akimlipia mtoto wake ada ya shule ya binafsi kutoka mfukoni, haruhusiwi kuitoa kwenye hesabu ya kodi ya shirikisho. Kwa nini huyu wa kwanza aruhusiwe?

Wanasema pili kwamba faida inakwenda kwa wenye nacho. Tumeshaona hesabu ya asilimia 12 na 37. Mpangaji wa chumba, mfanyakazi wa hoteli na mjane anayeishi kwa pensheni hawaorodheshi. Wanachukua punguzo la jumla. Kwa hiyo sehemu kubwa sana ya nafuu hii inaishia kwa familia zenye vipato vya juu.

Wanasema tatu kwamba kile ambacho Washington haikupokea hakipotei hewani. Ama wengine watatozwa zaidi, ama serikali itakopa, ama huduma fulani itasimama. Mtu wa Texas anauliza: kama New York imeamua kutoza kodi kubwa, kwa nini mimi nisaidie kuilipa?

Ndugu zangu, ajabu ya mjadala huu ni kwamba haufuati vyama. Chama cha Democratic, ambacho kwa kawaida hutaka matajiri walipe zaidi, kina wabunge wengi wanaotetea nafuu hii kwa sababu wanatoka majimbo yenye kodi kubwa. Chama cha Republican ndicho kilichoiwekea kikomo mwaka 2017, lakini mwaka 2025 wabunge wa chama hicho hicho kutoka New York, New Jersey na California walikataa kuunga mkono sheria mpya mpaka kikomo kipandishwe. Jambo likigusa mfuko wa mtu, ubavu wa chama husahauliwa. Sisi nasi tukifika kwenye asilimia ya dayosisi tusijidhanie kuwa bora kuliko wao.

KIKOMO CHA MWAKA 2017 NA SADAKA ISIYO SADAKA

Mwezi Desemba 2017 ilisainiwa sheria iliyosema kwamba, kuanzia mwaka 2018, mtu hataruhusiwa kutoa zaidi ya dola 10,000 za kodi za jimbo na za mitaa, awe mmoja au mume na mke wanaowasilisha hesabu pamoja. Majimbo manne, yaani New York, New Jersey, Connecticut na Maryland, yalikwenda mahakamani mwaka 2018 yakidai kwamba serikali ya shirikisho imeingilia mamlaka yao. Yalishindwa mwaka 2019, rufaa ikakataliwa mwaka 2021, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo.

Lakini liko jambo jingine lililofanyika ambalo linatuhusu sisi watu wa kanisa. Kikomo kiliwekwa kwenye kodi. Hakikuwekwa kwenye misaada ya hisani. Basi majimbo kadhaa yakabuni njia. Yakaanzisha mifuko ya hisani ya shule na ya afya. Mwananchi "anachangia" mfuko, na jimbo linamsamehe kodi kwa sehemu kubwa ya kiasi hicho. New York ilisema asilimia 85. Kwa hiyo mtu angetoa dola 10,000, angesamehewa dola 8,500 za kodi ya jimbo, halafu angekwenda Washington na kusema: nimetoa msaada wa dola 10,000, naomba nipunguziwe. Yaani kodi ilivikwa joho la sadaka.

Mwezi Juni 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa kanuni ya kuzuia jambo hilo. Kanuni inasema kwamba ukipata nafuu ya kodi kutoka jimboni kwa sababu ya mchango wako, lazima uipunguze nafuu hiyo kwenye kiasi unachokiita msaada. Kanuni ile iliwagusa hata watu wa majimbo mengine, ambako kwa miaka mingi waliochangia mifuko ya kusomesha watoto katika shule binafsi, zikiwemo za makanisa, walipewa nafuu ya namna hiyo.

Mimi niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Mfalme Daudi kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, katika 2 Samweli 24. Alipewa bure kila kitu cha sadaka, akakataa, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Wizara ya Fedha haikuwa inahubiri, lakini ilifika mahali pale pale: kinachokurudia mfukoni usikihesabu kuwa umekitoa.

INAVYOZIGUSA AHADI ZA RAFIKI ZETU

Sasa nimjibu yule mzee wa kanisa.

Tufanye mfano wa familia moja, mume na mke, Walutheri wa Minnesota. Kodi zao za jimbo na za nyumba ni dola 14,000 kwa mwaka, riba ya mkopo wa nyumba dola 6,000, na sadaka zao zote, pamoja na ile inayokuja kwetu, dola 5,000. Jumla ni dola 25,000.

Mwaka 2017 punguzo la jumla kwa mume na mke lilikuwa dola 12,700. Ilikuwa heri kwao kuorodhesha, na kila dola ya sadaka iliwapa nafuu. Mwaka 2018 punguzo la jumla likawa dola 24,000, na kodi zao zikakatwa mwisho kwenye dola 10,000. Orodha yao ikashuka hadi dola 21,000. Wakaacha kuorodhesha. Mwaka huo, sadaka yao ya dola 5,000 haikuwapa hata senti moja ya nafuu ya kodi ya shirikisho. Hawakuwa peke yao: kabla ya sheria hiyo, takriban walipa kodi watatu katika kumi walikuwa wanaorodhesha, baada yake, takriban mmoja katika kumi.

Tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria nyingine iliyopandisha kikomo hadi dola 40,000, kikipanda kidogo kila mwaka na kurudi dola 10,000 mwaka 2030. Wenye mapato ya zaidi ya dola 500,000 (kiwango cha mwaka 2025) wanapunguziwa kikomo hicho hatua kwa hatua, lakini hakishuki chini ya dola 10,000. Je, familia yetu ya mfano imepata nini? Haikupata kitu. Kodi zao zote 14,000 sasa zinaruhusiwa, orodha yao imerudi kuwa dola 25,000, lakini punguzo la jumla la mwaka 2025 lilikuwa dola 31,500. Bado ni heri wasiorodheshe. Kilichowagusa ni kifungu kingine cha sheria hiyo hiyo: kuanzia mwaka wa kodi 2026, wasioorodhesha wanaweza kutoa kwenye hesabu sadaka za fedha taslimu hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja na dola 2,000 kwa mume na mke.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu ni hili. Familia za namna hiyo zimekaa miaka mingi zikipata nafuu ndogo sana ya kodi ya shirikisho kwa sadaka zao, au bila kupata yoyote, na marafiki wengi wameendelea kututolea. Nafuu ya kodi inasaidia, na tusione vibaya mtu akiitumia, maana ni haki yake kisheria. Lakini tusidhani kwamba ndiyo inayozijaza bahasha zetu.

Niongeze jambo la kiutendaji. Sheria ya Marekani haimruhusu kwa kawaida mtu aliyetuma fedha moja kwa moja kwenye usharika wa nchi yetu kuzihesabu kama msaada. Lazima apitishie kwenye usharika wake, sinodi yake au chombo kingine kinachotambuliwa kule, nacho kinatakiwa kuwa na usimamizi wa kweli juu ya fedha hizo. Kwa mchango wa dola 250 au zaidi mtoaji lazima awe na maandishi ya kuthibitisha kutoka kwa chombo hicho. Ndiyo maana wenzetu wanatuomba taarifa, stakabadhi na picha za mradi. Kamati zinazolalamika kwamba "wazungu hawatuamini" naomba zielewe kwamba wenzetu nao wana mkaguzi wao.

Hali kadhalika, tujifunze kuwa zahanati isiyoweza kulipa mishahara yake bila mchango wa nje imefungwa kwenye kamba iliyoshikwa na bunge la nchi nyingine. Sheria moja ya mwezi Desemba 2017 ilibadilisha hesabu za mamilioni ya watoaji. Sisi hatukuulizwa, wala hatukuwa na sababu ya kuulizwa.

TURUDI KWENYE ASILIMIA YA DAYOSISI

Sasa niseme la mwisho, ambalo ni gumu kwangu.

Kabla sijaajiriwa na dayosisi nilikuwa mtunza hazina wa usharika wetu wa nyumbani, usharika wenye kahawa na ndizi. Tulikuwa tunajenga kanisa jipya. Nilishawishi kamati tutoe kwanza gharama za saruji na mabati, ndipo tuhesabu asilimia ya dayosisi kwenye kilichobaki. Hatukuiba, kila shilingi iliandikwa kwenye daftari. Hoja yangu ilikuwa ile ile ya watu wa New York: fedha hii imekwisha kwenda kwenye kazi ya Bwana, mbona itozwe tena?

Nilipoingia ofisi ya dayosisi niliuona upande wa pili wa daftari. Katika mwaka ule ule, mwinjilisti wa mtaa mmoja wa tambarare, ambako mvua haikunyesha, alikaa miezi minne bila posho, kwa sababu mfuko wa mishahara haukutosha. Sisemi kwamba usharika wetu peke yetu ndio uliomkosesha. Lakini sehemu tuliyoitoa sisi kwenye hesabu, yeye aliibeba. Kanisa letu tuliliweka wakfu kwa shangwe, na leo linatupendeza kila Jumapili. Mimi nilikaa ndani ya nyumba ile, na fedha yangu ilinirudia.

Kwa sababu hiyo naona pande zote mbili za mjadala wa Marekani zina ukweli. Kodi ya jimbo ina sehemu inayomrudia mlipaji na sehemu inayokwenda kwa jirani asiyemjua, kama mgonjwa maskini anayetibiwa kwa mchango wa jimbo. Sheria haiwezi kuzitenganisha dola kwa dola. Kukataa punguzo lote ni kuisahau sehemu ya jirani. Kuruhusu yote bila kikomo ni kujifanya kwamba hakuna kilichomrudia mlipaji. Mimi si raia wa Marekani na sina kura kule, lakini ningeshauriwa ningesema: liwepo, liwe na kikomo cha kiasi, na mtu wa kawaida asiyeorodhesha apewe nafuu yake pia. Kwa mtazamo wangu, kukipandisha kikomo hadi dola 40,000 kumewasaidia zaidi waliokwisha kuwa na nafasi.

Kwa mantiki hiyo hiyo napendekeza kamati zenu zijadili mambo matatu kabla ya Mkutano Mkuu.

Moja: kile ambacho usharika umekitoa kwa ajili ya walio nje ya usharika, kama posho ya mwinjilisti wa mtaa wa misioni au ada za yatima wa usharika mwingine, kitolewe kwanza kwenye hesabu. Fedha hiyo imekwisha kufanya kazi ya dayosisi.

Mbili: kile kinachoturudia wenyewe, kama ujenzi wa kanisa letu, vyombo vya muziki, viti na gari la usharika, kisitolewe. Tukijenge kwa furaha, lakini baada ya kutimiza sehemu yetu.

Tatu: hicho kinachotolewa kiwe na kikomo kinachojulikana na kila usharika. Na sharika ndogo zisizo na mtunza hazina wa kuandika orodha ndefu zipewe punguzo la jumla bila kuulizwa. La sivyo, sharika zenye wasomi na wahasibu zitapunguziwa, na zile zinazohitaji nafuu zaidi zitalipa kikamilifu.

Najua wapo wajumbe hapa ambao watatoka wakisema Mratibu anatetea mfuko wa ofisi yake. Nimelifikiria hilo. Ndiyo maana nimewaeleza yale niliyoyafanya nilipokuwa upande wenu. Nawaomba mkifika kwenye kamati zenu msianze kwa kuuliza "sisi tutatoa nini kwenye hesabu?" Anzeni kwa kuuliza: sehemu hii tunayoitoa, itabebwa na nani? Mkiweza kumtaja huyo mtu kwa jina na mtaa wake, na bado mkaona ni haki, basi leteni pendekezo lenu nasi tutalipokea kwa heshima.

Baada ya chakula tutagawanyika katika makundi kwa majimbo, na safari hii nina maana ya majimbo yetu ya kanisa. Kila kundi litapewa nakala ya mapendekezo haya matatu, na katibu wa kundi ataandika maoni, ya kukubali na ya kupinga, bila kuyapunguza.

 Mungu awabariki ninyi, sharika zenu, na rafiki zetu wote walio karibu na walio mbali. Amina.